Dodoso au kukaa na kuongea: kuwatafiti Wachina wa Uingereza kuhusu ulemavu

Dodoso linafikia watu wengi, hilo halina ubishi. Sensa ya 2021 ilihesabu Wachina zaidi ya laki 4 na elfu 40 England na Wales, huwezi kukaa na wote hao. Shida iko kwenye swali lenyewe, "je, una ulemavu?", maana neno la zamani la Kichina, canfei, linabeba maana ya mtu aliyeharibika asiyefaa kitu, sasa mzee aliyetoka Hong Kong miaka ya 60 akasimama jikoni mgahawani mpaka magoti yakaisha, unadhani ataweka tiki hapo? Anajaza hapana, na kwenye takwimu anaonekana mzima kabisa.

Ukikaa naye mkaongea Kikantoni au Kihakka, chai iko mezani, ukamuuliza tu ngazi unapandaje, nani anakusaidia kuoga, hapo ndo mambo yanatoka. Ila mkalimani asiwe mtoto wake jamani, kuna vitu mzazi hasemi mbele ya mwanae. Ni kazi ya polepole na inakula hela, utapata watu 20, 30 hivi, lakini mi naanzia hapa, dodoso nitaliandika baadae kwa maneno niliyoyasikia kwao.