Seti ya dripu ya robo eka: mipira mizuri, tenki dogo

Kwenye maduka ya pembejeo Arusha na Moshi seti hii ya umwagiliaji wa matone huja na vitu vilevile: tenki la lita 1,000, bomba kuu la milimita 32, mipira ya matone ya milimita 16 yenye tundu kila sentimita 30, kichujio kimoja, koki na viungio. Muuzaji atakwambia ni ya robo eka, kamili. Mipira yenyewe ni mizuri, na mkulima wa mboga anayesubiri zamu ya mfereji Tengeru au Kikwe ana kila sababu ya kuinunua. Kasoro iko kwenye hilo neno "kamili".

Piga hesabu. Robo eka ni takriban mita za mraba 1,000. Mistari ikiachana mita 1.2, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 20, unapata mistari 41 na matundu zaidi ya 2,700. Tundu limeandikwa lita 1.6 kwa saa, lakini hicho ni kipimo cha presha ya bar 1, yaani maji yanayoshuka kutoka kimo cha mita 10. Kichanja cha tenki kina mita 1.5 tu, na hapo tundu hutoa kama lita 0.6. Yote kwa pamoja ni lita 1,700 hivi kwa saa. Tenki linakauka kwa dakika 35, na shamba limepata milimita 1 ya maji. Nyanya zenye matunda kwenye jua la Januari na Februari zinataka karibu milimita 5 kwa siku. Hayo ni matenki matano kila siku, na seti haina jibu la yatakakotoka.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, panga mahali pa kuhifadhi maji. Wapare walilimaliza swali hili zamani kwa ndiva, mabwawa madogo ya kuhifadhia maji: maji yanajaa usiku, yanafunguliwa asubuhi. Bwawa la turubai lenye mdomo wa mita 6 kwa 5, kina cha mita 1.5 na kuta zenye mteremko, linabeba karibu lita 24,000, maji ya siku nne na ushee. Zamu moja ya mfereji kwa wiki inakuwa na maana hapo.

Maji ya bwawa yatataka pampu ya kuyapandisha tenkini. Ya sola inafaa: lita 1,000 kwa saa, saa tano za jua, kazi imekwisha. Ila pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji vizuri kutoka kina kinachozidi mita 6, na Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, uwezo huo unapungua. Kama unavuta kutoka kisimani na maji yako chini zaidi ya hapo, nunua ya kuzamisha.

Kichujio cha seti ndicho kifaa dhaifu kuliko vyote. Wakati wa masika maji ya mfereji ni tope, wavu mdogo ule unaziba kila baada ya muda mfupi, mfanyakazi anachoka kuuosha, anautoa. Msimu haujaisha, matundu yamekufa. Weka cha diski, mesh 120 (kipimo cha udogo wa vitundu vya kuchujia), mshale ukielekea shambani, na mdomo wa kutolea maji tenkini uwe sentimita 15 juu ya sakafu ili tope libaki chini. Tundu likiziba, pasua kipande cha mpira kwa wembe utazame ndani, kwenye kile kijia chenye meno kama msumeno, ambacho upana wake haufiki hata milimita moja. Ukikuta tope laini la kahawia, lawama ni ya kichujio. Ganda jeupe gumu ni chokaa ya maji ya kisima. Ute wa kijani ni mwani, maana yake tenki linapitisha mwanga. Lifunike au lipake rangi nyeusi.

Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro laza mipira kukingama mteremko, wala usiishushe nao, la sivyo mimea ya chini inalowa na ya juu inanyauka. Pima kwa makopo: moja chini ya tundu la kwanza, jingine chini ya la mwisho, kwa saa nzima. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, fupisha mistari au inua tenki. Kila wiki fungua ncha za mipira, maji yatoke mpaka yawe meupe.

Mbolea ipite, lakini urea tu au zile zinazoyeyuka zote. DAP haiyeyuki yote na mabaki yake yanaziba, na mbolea ya kalsiamu usiichanganye na ya fosfeti kwenye ndoo moja, zinagandiana.

Kama unavuta kutoka mtoni, kibali cha kutumia maji kinashughulikiwa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi. Anza huko kabla ya kuchimba bwawa.