Debian 12 na pakeji zake elfu sitini na nne: rivyuu ya mtu anayenunua bando

Wadau, nimekaa na Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, zaidi ya mwaka sasa kwenye laptopu tatu za zamani, mbili zina RAM ya giga 2 tu, na intaneti yenyewe ni hotspoti ya simu yaani kila mega inatoka mfukoni. Kwa hiyo hapa siongelei muonekano wala wallpaper, naongelea kitu kimoja ambacho ndicho kimenifanya nibaki nayo: jinsi mfumo mzima ulivyokatwakatwa vipande, ndizo pakeji, unashusha zile unazozihitaji tu.

Ilipotoka Juni 2023 ilikuwa na pakeji 64,419. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni programu elfu sitini na nne, hapana, kitu kimoja kinagawanywa pakeji tatu, nne, hata kumi. Mfano OpenSSL, laibrari (kodi ambayo programu nyingi zinaitumia kwa pamoja) ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni. Kuna libssl3 ambayo programu zinaihitaji ili zifanye kazi, kuna libssl-dev yenye mafaili ya mtu anayekompaili, yaani anayejenga programu kutoka kwenye kodi yake, halafu libssl-doc ni maelezo tu. Mtu wa kuandika barua na kuprinti hana shida na hizo mbili za mwisho, basi hazishuki, bando lake linabaki salama. Arch, Linux nyingine, wao ukiinstoli laibrari unapewa na mafaili ya kukompailia humo humo, kwa developa ni raha kweli, kwa mtu wa kawaida anabeba mzigo asioujua.

Na ile namba 3 pale kwenye jina haijawekwa kwa urembo. Debian 11 ilikuwa na libssl1.1, sasa kwa vile majina ni tofauti zote mbili zinaweza kukaa kwenye mashine moja bila kugombana, programu ya zamani inatumia ya zamani na mpya inatumia mpya.

LibreOffice, zile programu za ofisi za bure, ndio nimeipenda zaidi. Ukiandika apt install libreoffice (apt ndiyo amri ya kushusha na kuinstoli pakeji) inakuja familia yote, lakini ukisema libreoffice-writer (ya kuandika) na libreoffice-calc (ya majedwali ya hesabu) peke yake ukaongeza --no-install-recommends, yaani usilete pakeji za ziada zinazopendekezwa tu, unapata unachokitaka na mzigo unapungua sana. Halafu kuna hunspell-sw, kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, pakeji yake yenyewe ndogo kabisa! Niliivuta ndani ya sekunde chache, barua za Kiswahili zikaacha kujaa mistari myekundu chini ya kila neno. Kamusi za lugha ambazo hapa hakuna anayezisoma hazikunigusa.

Sasa wanapokosea. Python, lugha ya kuandikia programu. Ukiwa na Debian umepewa python3 tayari, unafuata mafunzo yoyote ya mwanzo, unaandika python3 -m venv (amri ya kutenga mazingira ya Python kwa mradi mmoja), unaambiwa ensurepip, kipande ambacho venv inakihitaji, haipo, kainstoli python3-venv. Tkinter, ya kutengenezea madirisha na vitufe, nayo iko pembeni kwenye python3-tk. Aisee hapa wamekata mahali ambapo hapakupaswa kukatwa, kwa sababu kila kitabu na kila mwalimu duniani anafundisha kwamba venv ni sehemu ya Python, mwanafunzi akikuta haipo anaona mashine mbovu au yeye ndiye haelewi, wakati kosa ni la mpaka uliopita katikati ya kitu ambacho watu wanakijua kama kimoja. Laibrari na mafaili yake ya -dev ni watu wawili tofauti wanaohitaji vitu tofauti, hapo kata. Python na venv yake ni mtu yule yule siku ile ile.

Kukata sana nako kuna gharama ambayo wengi hawaioni. Apt update ya kwanza inashusha orodha ya pakeji zote, ile ya main (hazina kuu ya pakeji za Debian) peke yake ni zaidi ya mega 8 na maelezo ya Kiingereza mega 6 nyingine, hujainstoli kitu bado. Ndio maana naelewa kwa nini TeX Live, mfumo wa kupangia vitabu na makala, Debian wameiweka kwa mafungu makubwa, ingawa inauma kuvuta texlive-latex-extra nzima kwa ajili ya faili moja la mtindo, la .sty. Fedora, Linux nyingine, walikwenda upande wa pili, wakaikata TeX Live kuwa maelfu ya pakeji, unachukua ile moja tu unayoitaka, ila orodha ndio inavimba.

Alpine, Linux ndogo sana, nimeijaribu pia kidogo. Hao hata kurasa za man (maelezo ya jinsi ya kutumia amri) wanaziweka kwenye pakeji za -doc, kwa kontena (boksi la kuendeshea programu iliyotengwa) ni sawa kabisa, kwa laptopu ya mtu anayejifunza mimi nisingempa.

Nampa Debian nyota 4 kati ya 5. Na kama una mwanafunzi nyumbani, siku unayomwekea mashine mwekee python3-full, inaleta venv na tkinter kwa pamoja, afungue kitabu aanze kazi.