Mtungi chotara kutoka Dar mpaka Mtwara: mmea nyota tano, maneno ya muuzaji nyota moja

Nianze na hela maana najua ndo swali la kwanza. Mmea 65,000, kuusafirisha na basi 5,000, jumla 70,000 mpaka naushika mkononi stendi ya Mkanaledi usiku huku mbu wananila. Mama kaniuliza mara mbili nimenunua nini, nikamwambia ua. Akanyamaza weee, halafu akasema kwa hela hiyo si ungeleta mbuzi tukajua moja.

Kwa ambao hawajawahi kuuona, ni ile mimea inayokula wadudu. Jani linaota kawaida tu, ncha yake inarefuka kama uzi, mwisho wa uzi unavimba na kugeuka kikombe chenye mfuniko, ndani kuna maji yake yenyewe. Mdudu anakuja kulamba utamu ukingoni, ukingo una utelezi, anadondoka, kwisha habari yake. Kitaalamu ni Nepenthes, mimi naita mtungi na hapa nyumbani wote wanaita hivyo sasa hivi.

Tangazo la yule muuzaji (simtaji, ni wa mtandaoni) lilisema "mmea adimu kutoka Madagaska, unamaliza mbu ndani". Aisee. Madagaska mitungi ipo kweli, tena ni jirani zetu hapo ng'ambo ya bahari, ila huu sio wa huko. Niliujua kwa kiuno. Kikombe chake kimejaa chini, katikati kimebanwa kama nyigu, halafu mdomo umetanuka mwekundu. Hicho kiuno kakirithi kwa ventricosa wa Ufilipino, mzazi wa pili naye wa hukohuko Ufilipino, wengi wanamwita alata, na mtoto wao anaitwa ventrata. Chotara. Kama unavyosikia kuku chotara, ni stori ileile, ndo maana sikukasirika sana. Aina nyingi za asili zinachagua mno, wa milimani anataka ubaridi wa usiku, wa tambarare anataka fukuto mwaka mzima, ukikosea kidogo anakufia. Huyu chotara anavumilia huku na huku, na kwa joto letu la Mtwara bora huyo kuliko wa asili wa bei mbaya. Sasa si angeandika tu ukweli? Mimi ningenunua vilevile.

Kuhusu mbu sahau. Nimekaa nao miezi minane, juzi nikachana kikombe kilichokauka kwa wembe nione kinakula nini hasa. Chini kulikuwa na tope jeusi limeshikana, ukilichambua na kijiti ni vichwa vya sisimizi, vingi mno, bawa moja la nzi, na majimoto wawili bado wana rangi yao. Mbu hata mmoja. Chandarua kiendelee kuchomekwa.

Kwenye kufunga mzigo nampa maua yake, hapo hana mpinzani. Boksi limetobolewa matundu, mizizi imeviringishwa kwenye sfagnamu mbichi, ile mimea midogo inayonyonya maji kama sponji, kila kikombe kimewekewa pamba ndani kisibonyee. Konda aliulaza ubavu pembeni ya tenga la kuku, karibu kilomita 560 hizo, na haukuvunjika hata jani. Vikombe vya zamani vilikauka wiki ya pili lakini hiyo ni kawaida ya safari, usipaniki. Jambo moja tu ujue, kikombe kikishakauka jani lile halitoi kingine, unasubiri jani jipya.

Karatasi ya maelezo sasa, ndo nyota moja yenyewe. "Changanya udongo na samadi, mwagilia maji ya bomba kila siku." Jamani huu mmea unakula wadudu kwa sababu kwao ardhi haina rutuba, ukiupa samadi unaunguza mizizi. Na maji ya bomba ya hapa kwetu mtazame birika lenu, ule ukoko mweupe ndani, hiyo yote inabaki kwenye chungu. Mimi natumia maji ya mvua basi, kuanzia Desemba mpaka Aprili nakinga kwenye madumu chini ya bati, manne yananivusha mpaka mvua nyingine.

Ila na mimi nilikosea, tusimseme mtu peke yake. Nilitaka nyuzi za makumbi ya nazi za kupandia, bibi yangu Mikindani anasokota kamba, nikamwomba usumba akanijazia kiroba bure. Nikapanda nimejishaua. Wiki tatu kingo za majani zikaanza kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Nilivyokuja kukumbuka nikacheka mwenyewe, makumbi ya bibi si yanafukiwa ufukweni miezi yalainike! Nilikuwa nimeupanda kwenye chumvi. Nikaung'oa, nikaloweka usumba na maji ya mvua siku nne nabadilisha kila asubuhi, naonja kwa ulimi (ndio naonja) mpaka chumvi ikaisha, nikachanganya na vipande vya mkaa maji yapite. Toka hapo majani mapya ni mazima.

Pa kuuweka: jua la asubuhi unapenda na ndo linaleta wekundu, la saa saba linaubabua. Unyevu wa bahari hapa tunao bure, lakini kusi ikivuma mwezi wa sita vikombe vichanga vinakaukia njiani kabla ya kufunguka, nikauhamishia nyuma ya ukuta wa bafu la nje, penye umajimaji. Halafu wenye mikorosho uani mnaelewa, msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, mimi naufunika, sijui kama inaudhuru ila sijaribu kwa 70,000.

Saa hizi una vikombe kumi na moja. Namsumbua muuzaji aniletee Miranda, chotara mwingine, vikombe vikubwa vya kijani vyenye madoa mekundu na mdomo wa mistari. Ndani yake kuna damu ya northiana wa Borneo, aliyepewa jina la Marianne North, mama wa Kiingereza aliyemchora mwaka 1876. Northiana huyo anaota kwenye majabali ya chokaa, nikiangalia matumbawe yetu ya Mikindani nasema labda na Miranda atapapenda huku. Kanitajia 90,000. Nimemjibu nanunua, ila tangazo aandike chotara na asinitumie ile karatasi.

Bibi naye alikuja Idi, akauchungulia vikombe kimoja kimoja na kidole ndani, akasema huu ndo umekula kiroba changu? Kaondoka na kipande cha shina kwenye kopo la maziwa. Jana kapiga simu, kimetoa jani.