TAHADHARI: "Studio kamili" ya 850,000 inayouzwa Arusha na Moshi

Wadau wa muziki wa Arusha na Moshi, hasa mnaojipanga kufungua kastudio chumbani, msitume hela kwanza. Kuna jamaa anauza kitu anachokiita "studio kamili" kwa shilingi 850,000, na anauza kweli kweli. Anatangaza Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp: chumba chenye taa za zambarau, spika mbili za monita, maiki inayong'aa, na chini yake "zimebaki seti mbili tu". Zimebaki mbili tangu mwaka jana. Jina la akaunti silitaji kwa sababu halikai. Leo ni duka la Arusha, wiki ijayo ni duka la Moshi, picha zilezile. Kinachokaa ni mbinu, na hiyo ndiyo ya kuishika.

Mimi nafunga vifaa na kurekodi, kwa hiyo watu wakishapigwa wanakuja kwangu na boksi mkononi wakiomba niwatolee kelele. Amekuja chalii wa Ngarenaro aliyeuza simu yake. Wamekuja vijana wa kwaya kutoka Majengo, Moshi, waliochangishana mpaka hela ikatimia. Boksi ni lilelile, kelele ni ileile, na haina dawa.

Ndani unakuta maiki nene nyeusi, mkono wa kubana mezani, kichujio cha pumzi, hedifoni nyepesi, saundi kadi ndogo yenye vitufe vya rangi, na waya wenye XLR (ile plagi ya duara yenye pini tatu) upande mmoja na pini ndogo ya simu upande wa pili. Spika za kwenye picha hazimo. Ukiuliza, unaambiwa zile zilikuwa za kupendezesha picha. Kwenye maiki kumebandikwa jina la Neumann, kampuni ya Kijerumani ya maiki za studio za bei kubwa. Ile ya kwaya niliifungua mbele yao: unazungusha pete ya chini, unavuta ganda, na pale juu nyuma ya wavu, mahali ambapo ungetegemea kukuta kapsuli ya maana, yaani kile kinachonasa sauti, kuna kidude kidogo kama kifungo cha shati, kimeshikwa na gundi. Kwaruza stika kwa kucha, chini yake inasomeka BM-800. Hiyo ni maiki ya Kichina ya bei poa, na ikiuzwa kwa jina lake na bei yake sina ugomvi nayo. Neumann U87 yenyewe inazidi dola 3,000. Hiyo ni hela ya bodaboda mbili mpya. Haiwezi kuja kama nyongeza kwenye seti ya laki nane na nusu, hata muuzaji awe na roho nzuri kiasi gani.

Wote wananiuliza swali moja: mbona alipotujaribishia ilisikika safi? Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Kile kisaundi kadi kinaitwa V8, kimetengenezwa kwa watu wanaokwenda laivu kwa simu, ndiyo maana kina vitufe vya makofi na kicheko. Jamaa anakuvalisha hedifoni, anazungusha kitufe cha eko hadi karibu na mwisho, anakwambia "imba kidogo, kaka". Sauti yako inarudi imenona, inajaa masikio yote mawili. Kwa eko ile hata anayekohoa anasikika kama anatambulisha albamu. Anabonyeza makofi, mnacheka, unatoa hela.

Nyumbani mambo ni mengine. Eko ya V8 inaingia kwenye rekodi pamoja na sauti, na ikishaingia haitoki. Prodyuza yeyote utakayempelekea vokali hizo atakurudishia. Ukiizima ndiyo unasikia ukweli: mvumo wa "shiii" usiokatika, na ukichomeka chaja ya laptopu unaongezeka muungurumo wa chini. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kwa muuzaji yeyote, sema eko izimwe kabisa, rekodi nusu dakika bila kuongea, halafu sikiliza kwa sauti kubwa. Anayeuza kitu kizuri hatakasirika. Huyu wa kwetu anakasirika, anasema unamchezea muda na kuna mteja mwingine njiani.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi. Maiki ya kondensa ya studio, ile inayonasa hata sauti ndogo, inahitaji umeme wa volti 48, unaopanda kwenye waya uleule wa XLR kutoka kwenye interfesi, kile kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta. Interfesi ya kurekodia ina kitufe kimeandikwa 48V. Focusrite Scarlett Solo inacho, hata Behringer UM2 ambayo ni ya bei ya chini inacho. Kondensa ya namna hiyo ukiizimia 48V inanyamaza muda si mrefu. Sasa ukiona "Neumann" imechomekwa kwenye kidude kisicho na 48V popote na bado inaongea, umeshapata jibu, aga uondoke. Maiki za USB ni habari nyingine, zinakula umeme wa kompyuta, na maiki za dainamiki, zile ngumu za kushika jukwaani, hazihitaji volti hizo kabisa.

Dainamiki nazo anazo, na ni feki. Anauza Shure SM58 "mpya orijino" kwa 60,000. SM58 ipo sokoni tangu 1966, bei yake Marekani ni kama dola 100, na uzito wake ni takribani gramu 300. Nyingi za bandia ni nyepesi. Omba mizani ya duka la jirani, upime hapohapo mbele yake uone uso wake.

Kwenye programu nako kuna kichekesho. Anachaji 100,000 nyingine kukuwekea "FL Studio full". Anachoweka ni ile ya majaribio, inayopatikana bure kwenye tovuti ya wenyewe. Inafanya kazi vizuri tu, unapiga biti, unahifadhi, unalala kwa furaha. Kesho ukitaka kulifungua faili lako, halifunguki, kwa sababu toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi ila halikuruhusu kufungua ulichohifadhi mpaka ununue leseni. Ukimpigia anasema ni virusi, lete tena na hela ya fundi. Anayeanza anaweza kuchukua Reaper: siku 60 za majaribio bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni bure moja kwa moja.

Sponji za ukutani ni za godoro, zimekatwakatwa na kupakwa rangi. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, ila ile ahadi ya "jirani hasikii kitu" ni uongo, na zikishika moto zinawaka haraka na moshi wake ni sumu. Tundika mablanketi mazito, sogeza kabati la nguo, basi.

Hao wote angalau walipata boksi. Walioko mbali wanapigwa vibaya zaidi. Mtu yuko Moshi, muuzaji anadai yuko Arusha. Unatuma nusu ya hela, anakutumia picha ya risiti ya mzigo wa basi yenye jina lako, unaambiwa ufuate stendi jioni. Stendi hakuna mzigo. Ukipiga, simulizi inageuka: mzigo ulikuwa unatoka Nairobi, umekwama Holili, forodha wanataka 120,000, tuma haraka kabla hawajaupeleka ghalani. Watu wanatuma! Jamani, kodi ya Serikali inalipwa kwa kontrol namba. Haiendi kwenye namba ya simu ya mtu, hata siku moja. Na hiyo risiti ya basi, usipige namba iliyoandikwa kwenye picha aliyokutumia. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi ya basi hilo, wasomee namba ya risiti, watakwambia kama wanaijua.

Kuna mambo mawili yanamshinda kila mara. La kwanza, mwombe akupigie simu ya video akiwa ameshika kifaa pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mtandao utamsumbua ghafla. La pili, angalia jina linalokuja kabla hujathibitisha muamala. Akaunti inasema ni duka, M-Pesa inasema ni mwanamke wa jina lisilohusiana, ukiuliza ni "mke wangu" au "mhasibu". Anayeuza mzigo wa laki nane awe na mahali pa kukaa na risiti ya EFD. Kama hana vyote viwili, hela ibaki mfukoni.

Ukishatuma na ukashtuka, kimbia kabla hajaitoa: piga 100 kwa mtandao wako, eleza muamala, wanaweza kuizuia ikiwa bado ipo. Usifute meseji hata moja, na usimtukane kwenye chati maana atakufungia na picha zake zitapotea nawe huna ushahidi. Chukua RB polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa huyu moja kwa moja. Namba aliyotumia itume kwenda 15040, ndiyo iliyowekwa kwa matapeli wa simu. Kama tatizo ni bidhaa yenye jina la kampuni la bandia, wanaoshughulika nalo ni Tume ya Ushindani, FCC.

Kwa 850,000 hiyohiyo, ukinunua kwa utulivu, unapata interfesi ndogo yenye 48V, dainamiki halali, hedifoni zinazofunika masikio, stendi na waya. Mimi kwa chumba cha Arusha kilicho pembeni ya barabara namshauri kila mtu aanze na dainamiki. Kondensa inanasa hadi bodaboda ya mtaa wa pili, jogoo, na mwenye nyumba akiosha vyombo.

Na nyie mliokwisha nunua seti hizi: kwa kwenda laivu TikTok zinafaa, zitumieni huko. Boksi moja nimeliona kwa mara ya pili, limeletwa na mtu mwingine kabisa aliyeuziwa na yule wa kwanza, stika ya Neumann bado ipo. Ukiamua kuuza, bandua stika kwanza na tangazo liandike BM-800.