Uzoefu wangu wa kuoshewa kuta za nje za nyumba ya ghorofa Dodoma

Nyumba yetu ya ghorofa tatu ipo Ilazo, na kila anayeishi Dodoma anajua jinsi upepo wa kiangazi unavyobeba vumbi jekundu na kulibandika ukutani, hasa upande wa mashariki, kisha mvua za Desemba zikianza, vumbi hilo hugeuka michirizi ya tope chini ya madirisha. Ghorofa ya juu haifikiki kwa ngazi ya kawaida, kwa hiyo tuliita kampuni inayosafisha majengo kwa nje.

Kilichonipa imani ni kwamba msimamizi wao, kabla ya kutaja bei, alipitisha mkono ukutani na kunionyesha unga mweupe uliobaki kiganjani, yaani rangi iliyochoshwa na jua. Alinieleza kwamba ukuta wa namna hiyo ukipigwa maji ya presha kubwa, rangi hubanduka na maji hupenya kwenye nyufa za plasta, hivyo wangetumia presha ndogo, sabuni laini na brashi za mpini mrefu. Sabuni waliipaka kuanzia chini kwenda juu, ili isitiririke kwenye ukuta mkavu na kuacha alama, kisha wakasuuza kuanzia juu. Vijana waliopanda walivaa mikanda ya usalama na kofia ngumu, na chini palizungushiwa utepe. Kazi ya kimo hicho isikubaliwe bila hayo, hata mtu akipunguziwa bei kiasi gani.

Kuta zilitakata kweli. Kasoro ilikuwa kwenye vioo. Maji ya visima vya huku yana chumvi, na yakikaukia kwenye kioo chenye joto huacha madoa meupe ambayo kitambaa pekee hakiyatoi. Madirisha ya magharibi yalisuuzwa alasiri, jua likiyapiga moja kwa moja, na hakuna aliyeyafuta kwa wakati. Nilipolalamika walirudi bila kudai nyongeza, wakayaondoa madoa kwa siki iliyochanganywa na maji na kuvikausha vioo kwa kifutio cha mpira.

Nitawaita tena, lakini makubaliano yataandikwa: upande wa magharibi uoshwe asubuhi, kila kioo kifutwe kingali kimelowa, na maji waje nayo kwa boza, kwa kuwa mara hii walitumia ya simtanki letu na wapangaji wakakosa ya kuoga jioni ile.