Soko la Dhahabu kwa Mchimbaji Mdogo: Mizani Haina Shaka, Deni Ndilo Tatizo

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya masoko ya madini, yale ambayo Serikali ya Tanzania ilianza kuyafungua mwaka 2019, la kwanza likiwa la Geita lililozinduliwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwezi Machi. Wengi huyaona kama vituo vya kukusanyia mapato tu. Mimi nimeyapima kwa jicho la mtu anayeingia na kipande cha dhahabu mfukoni akitaka kutoka na fedha halali, kwa sababu kwenye meza ile ya mizani ndipo madini yanapoingia kwenye hesabu za nchi au yanapopotelea njia za panya.

Asiyekumbuka hali ilivyokuwa kabla hawezi kuithamini huduma hii. Mchimbaji mdogo aliyetaka kuuza kihalali alikabiliwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5, juu ya mrabaha, yaani malipo ya Serikali kwa madini yanayochimbwa, ilhali mnunuzi wa kificho alimlipa taslimu papo hapo bila kumuuliza chochote. Si ajabu dhahabu nyingi ilivuka mipaka na kuhesabiwa kuwa mali ya nchi nyingine. Mapema mwaka 2019, baada ya Rais Magufuli kukutana na wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam, kodi hizo mbili ziliondolewa kwa wanaouza sokoni. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulifanya kazi kubwa kuliko kuta na mageti yote.

Soko nililolitembelea lipo Kanda ya Ziwa, nami niliongozana na mchimbaji mwenye leseni ndogo aliyekuwa ametoka kuchoma mzigo wake ili dhahabu ibaki peke yake. Utaratibu ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Kipande kilipimwa uzito, kikapitishwa kwenye mashine ya mionzi inayoonyesha kiwango cha dhahabu halisi kilichomo, kisha bei ikapigwa kwa kufuata soko la dunia la siku hiyo, nayo ilikuwa imebandikwa ukutani. Afisa aliugeuza uso wa mizani upande wetu na kusema, "Mzee, soma mwenyewe, usiniamini mimi." Kwa mtu aliyezoea mizani ya broka inayosomwa na broka peke yake, jambo hilo dogo lina uzito. Kasoro niliyoiona ni mtandao: ulikatika wakati wa kutoa hati ya malipo ya Serikali, na sote tukakaa kwenye benchi muda mrefu, mnunuzi akiwa na fedha na muuzaji akiwa na mali, bila yeyote kuweza kuondoka.

Makato yanaeleweka, na hilo ni sifa. Kwa viwango nilivyovikuta, dhahabu ya shilingi milioni 10 ilitozwa mrabaha wa asilimia 6, yaani shilingi 600,000, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, yaani 100,000, na ushuru wa huduma wa halmashauri wa asilimia 0.3, yaani 30,000. Baada ya makato hayo matatu zinabaki shilingi 9,270,000. Ile 30,000 ndiyo ninayoipenda zaidi, maana hubaki kwenye halmashauri ya eneo husika, ambako barabara ya kuendea machimboni kwa kawaida huwa mbovu kuliko zote. Dhahabu inayouzwa kwa viwanda vya kusafishia vya ndani hutozwa mrabaha wa asilimia 4. Tangu Oktoba 2024, wenye leseni za uchimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, Benki Kuu ikinunua kwa shilingi. Maana yake ni kwamba nchi inajenga akiba ya dhahabu bila kutumia dola ilizonazo, na hapo gramu za mtu wa duarani, yaani shimo la kuchimbia, zinakutana moja kwa moja na uthabiti wa sarafu anayonunulia unga. Serikali imetangaza kuwa sekta ya madini ilichangia asilimia 10.1 ya pato la taifa mwaka 2024. Takwimu kama hiyo haiwezi kupatikana kwa dhahabu inayouzwa gizani.

Hata hivyo, sitoi alama zote. Soko linamhudumia vizuri mchimbaji asiyedaiwa, na wasiodaiwa ni wachache. Wengi huingia duarani kwa fedha za mfadhili anayelipia chakula, mafuta ya pampu, magogo ya kuzuia udongo na gharama za karasha, mashine ya kusaga mawe, na malipo yake ni haki ya kuinunua dhahabu yote kwa bei anayoipanga yeye. Mzigo wa namna hiyo unapofika sokoni, kama unafika, mchimbaji haupeleki yeye. Bei nzuri iliyobandikwa ukutani inamnufaisha mfadhili. Benki zinataka dhamana ambayo mwenye leseni ndogo hana, kwani mwamba ambao haujathibitishwa kitaalamu hauwekwi rehani. Mpaka mkopo wa gharama za uchimbaji upatikane jirani na mizani, huduma hii itaendelea kuwa nzuri kwa Hazina kuliko kwa aliyechimba.

Masoko ya vito sikuyapima kwa kina. Uthaminishaji wa tanzanaiti hutegemea rangi, ukubwa na jicho la mthamini, hivyo uwazi wa mizani hautoshi kule.

Kwa mwenye leseni anayejitegemea, sioni sababu ya kuuza kwingine. Aende asubuhi kabla foleni haijajaa na mtandao haujaelemewa, abebe leseni yake halisi, aangalie bei ya siku kwenye simu kabla ya kuingia, na asiondoke bila stakabadhi inayoonyesha uzito na kiwango kilichopimwa.