Gundi ya kubandikia vinia kwenye fanicha iliyopinda: ipi ununue na ipi uiache dukani

Mwezi Septemba mwaka jana nilikabidhi kaunta ya mapokezi yenye uso wa nusu duara, niliyoibandika vinia ya mninga (ganda jembamba la mbao la kupambia uso) kwa mikono yangu, na nilipoondoka pale nilikuwa na hakika kwamba kazi ile ingedumu. Januari, joto la Dar es Salaam lilipopamba moto, mwenye kaunta alinipigia simu nikaione. Vinia ilikuwa imeachana na plaiwudi ukingoni kwa upana wa kidole, na pale vipande viwili vilipokutana palikuwa na ufa mweusi ambao siku ya makabidhiano haukuwapo. Nilipoivuta, gundi ilinyumbuka kama ulimbo. Kazi nzima niliirudia kwa gharama yangu, na tangu nilipoisimulia, wasomaji watatu wameniandikia wakilalamikia jambo hilo hilo, mmoja wao kuhusu kichwa cha kitanda cha harusi.

Sitaeleza hapa gundi ipi ina nguvu zaidi wala ipi inakauka upesi, kwa sababu hayo yameandikwa kwenye kila kopo, na karibu kila gundi nzuri ya mbao ikikauka sawasawa huishinda mbao yenyewe kwa nguvu. Ninalotaka mnunuzi alitazame ni jambo ambalo muuzaji halitaji kamwe: je, gundi hiyo ikishakauka inatambaa, yaani inanyumbuka na kusogea polepole inapovutwa? Vinia yenye unene wa milimita 0.6 ukiilaza juu ya mbinuko haisahau kwamba ilizaliwa bapa. Inabaki kama upinde uliovutwa, ikitaka kujinyoosha usiku na mchana, na pia hutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, kwa kuwa mbao hubadilika upana kukatiza nyuzi zake. Juu ya meza bapa, gundi inayobaki laini inaweza kuyavumilia hayo kwa miaka, lakini juu ya uso uliopinda huachia kidogo kidogo, na joto likipanda huachia haraka zaidi.

Kipimo changu ni rahisi na hakihitaji mtaalamu. Mimina uzi mwembamba wa gundi juu ya karatasi ya nailoni, uuache wiki nzima, kisha uuanike juani kwa saa moja na ujaribu kuukunja. Ukikunjika kama mpira, gundi hiyo si ya kazi hii. Ukivunjika kama biskuti, inunue.

Nafasi ya kwanza naipa Cascamite, na sifichi kwamba naipendelea. Ni unga wa resini ya yurea unaochanganywa na maji, na kwa kuwa hukauka kwa mabadiliko ya kikemia, hauwezi kulainishwa tena na jua la dirishani. Tangu niliporudia ile kaunta kwa gundi hii sijaona ukingo wowote ukinyanyuka. Mimi huletewa na ndugu walioko Uingereza, ambako maseremala na waunda mashua wameizoea tangu zamani. Inadai nidhamu: kwenye joto letu huanza kuganda mapema, hivyo changanya asubuhi na mapema, kiasi cha kipande kimoja tu, na ukate fomu ya kukandamizia, yaani kalibu yenye umbo la mbinuko wako, kabla hujagusa unga. Anayetumia mfuko wa ombwe badala ya fomu, yaani mfuko unaonyonywa hewa ili hewa ya nje iikandamize kazi, ajue kwamba usawa wa bahari hewa inaweza kumkandamizia hadi kama tani 10 kwa kila mita ya mraba, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, atapata pungufu ya hapo kwa karibu moja ya tano. Tena vaa barakoa unapochanganya na unapopiga msasa, kwa maana gundi za jamii hii hutoa gesi ya fomaldehaidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Ya pili ni gundi ya ngozi ya wanyama, ile ya chembechembe zinazolowekwa kwa maji baridi kisha kupashwa moto ndani ya chungu kilichokaa kwenye maji, bila kuvuka nyuzi 65. Kwa uso uliopinda pande mbili kwa wakati mmoja, kama mgongo wa kiti cha kizamani, hakuna gundi nyingine ninayoithamini kama hii, kwa sababu fundi huilaza vinia kwa vipande vyembamba akiisukuma kwa nyundo ya vinia, na gundi inapopoa humshikia bila kibano. Ikikauka haitambai. Kosa likitokea, kitambaa chenye unyevu na pasi ya moto huifungua. Jikoni na bafuni usiipeleke.

Epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa, hasa ya chapa ya West System, naiweka ya tatu. Huwa ngumu vya kutosha, ila hupenya vitundu vya mninga na kutokeza juu kama madoa yasiyopokea vanishi sawasawa, na bei yake ni ya kazi za mashua.

Gundi nyeupe ya kawaida, ikipakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke na kupigwa pasi, inafaa kwa mbinuko mpana tu. Gundi ya mpira inayonuka petroli, ya mafundi viatu, usiinunue kwa kazi hii.

Nayo ndiyo niliyouziwa mimi. Muuzaji aliniapia kwamba mafundi wote wanaitumia kwenye nyuso zilizopinda, na kuhusu idadi ya watumiaji hakusema uongo. Wanaipenda kwa sababu inashika papo hapo. Kinachoniumiza ni kwamba aliimimina kutoka kwenye pipa hadi kwenye chupa ya soda, bila jina, bila tarehe, kwa bei isiyopungua ile ya kopo lililofungwa kiwandani. Gundi za unga nazo nimeona zikipimwa kwa kijiko ndani ya mifuko ya plastiki, ilhali unga huo hunyonya unyevu wa hewa ya pwani na kuharibika kabla ya kufika karakana. Kwa hiyo dai kopo lenye lakiri, soma tarehe, kisha ulitikise karibu na sikio: unga mzima husogea kama unga wa ngano, na ukisikia mabonge yakigonga bati, mrudishie muuzaji kopo lake kabla hujatoa pesa.